Utetezi wa Mtwana: Hati za Winchester na Utafiti wa Historia ya Mazingira ya Enzi za Kati

Historia ya mazingira ya Ulaya ya Enzi za Kati aghalabu huchukuliwa kuwa milki ya wanasayansi. Dai hili lina msingi. Mnamo 2013, uchunguzi wa majivu na barafu ya kale ulibainisha kuwa mlipuko mkubwa wa 1257 ulitokea katika volkano ya Samalas, kisiwani Lombok. Mtawa Matthew Paris wa St Albans, Uingereza, alisimulia baridi na njaa ya 1258 pasipo kujua habari za volkano hiyo, na uhusiano wa mambo haya mawili ungali unajadiliwa. Mjadala huo hauwezi kukamilika bila maandishi, na maandishi humhitaji mhakiki.

Mfano bora ni hati za hesabu za mashamba ya Askofu wa Winchester, zinazoanzia mwaka wa 1208–1209. Kila mwaka wa hesabu ulipofungwa, mwishoni mwa Septemba, msimamizi wa shamba alieleza mavuno, mapato na gharama mbele ya wakaguzi, na maelezo yake yakaandikwa kwa Kilatini. Ikiwa kinu hakikusaga kwa sababu ya mafuriko, au malisho yalikauka, sababu hiyo ilitajwa. Mnamo 1960, J. Z. Titow alizikusanya kauli hizo na kuonyesha zinavyofichua hali ya hewa kati ya 1209 na 1350, zikiwemo mvua za miaka ya Njaa Kuu iliyoanza 1315.

Hapa ndipo swali la kihakiki linapozuka. Msimamizi, ambaye mara nyingi alikuwa mtwana, aliwajibika kwa upungufu asioweza kuueleza. Kutaja ukame, basi, hakukuwa kuarifu tu. Kulikuwa pia kujitetea. Hali ya hewa isiyoathiri mapato ya askofu haikuwa na sababu ya kuandikwa. Kwa hiyo kimya cha hati si ushahidi wa mwaka wa neema, wala lalamiko si kipimo kamili cha maafa.

Nafasi ya utafiti wa uzamifu imo humu. Mtafiti mwenye Kilatini na ujuzi wa kusoma miandiko ya kale anaweza kuchunguza kauli zinazorudiwarudiwa, kuzilinganisha na pete za ukuaji wa miti, na kuuliza ni udhuru upi wakaguzi waliukubali na upi waliufuta. Pasipo uhakiki huo, utetezi wa mtwana huingizwa katika majedwali ya tabianchi kana kwamba ulisomwa kwenye kipimajoto.