Matangazo ya biashara kwa watoto

Matangazo ya biashara kwa watoto ni matangazo yanayotungwa ili yaonwe au yasikiwe na watoto wenyewe, ama kwa sababu wana fedha kidogo za kutumia, ama kwa sababu wanaweza kuwashawishi wazazi wanunue. Hutolewa kupitia televisheni, redio, majarida, maduka, shule na intaneti. Bidhaa zinazotangazwa zaidi ni vitu vya kuchezea, peremende, nafaka za kifungua kinywa zenye sukari, vinywaji, mavazi na michezo ya video.

Wataalamu wa elimu ya jamii huyachunguza kwa sababu tangazo la kichezeo hubeba mambo mengi pamoja na bidhaa yenyewe. Mtoto huona humo ni nani anacheza na kitu gani, nyumba ya kawaida inafananaje, na mtoto anayependwa na wenzake anamiliki nini. Marekani ndiyo nchi ambako biashara hii ilianza mapema na kukua zaidi, na utafiti mwingi umefanyika huko.

Historia

Kabla ya televisheni, watengenezaji wa vichezeo walizungumza na wazazi. Matangazo yao yalichapishwa magazetini na katika katalogi za maduka makubwa kama Sears, hasa majira ya Krismasi, nayo yalimweleza mzazi kwamba kitu ni imara au kinamfundisha mtoto. Redio ya miaka ya 1930 ilianza kubadili mambo: kampuni za vyakula zilidhamini michezo ya kuigiza ya watoto na kuwataka wasikilizaji watume kwa posta vifuniko vya makopo ili wapate zawadi.

Mwaka 1952 Mr. Potato Head, kilichotengenezwa na Hasbro, kilikuwa kichezeo cha kwanza kutangazwa kwenye televisheni, na tangazo lilisema na watoto moja kwa moja. Wakati huo kisanduku kilikuwa na macho, pua, masikio na vifaa vingine vidogo tu. Kiazi chenyewe mtoto alipaswa kukitafuta jikoni. Kiazi cha plastiki kiliongezwa mwaka 1964.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa ya kampuni ya Mattel mwaka 1955. Iliweka takriban dola 500,000, kiasi kilichokaribia thamani ya kampuni nzima, ili kutangaza kwa mwaka mzima katika kipindi kipya cha Disney kilichoitwa The Mickey Mouse Club. Bunduki ya kuchezea iliyotangazwa humo iliuzwa kwa wingi. Tangu hapo msimu wa kuuza vichezeo haukuwa tena Desemba peke yake, na mtoto ndiye aliyemwambia mzazi jina la kitu anachotaka.

Mwaka 1969 kituo cha ABC kilianza kurusha katuni iliyoitwa Hot Wheels, jina lile lile la magari madogo ya Mattel. Kampuni shindani ililalamika kwa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano kwamba kipindi kizima ni tangazo, na tume ikakubali kwamba sehemu yake ihesabiwe kuwa muda wa matangazo. Kwa zaidi ya miaka kumi baadaye watayarishaji walijihadhari na katuni za namna hiyo. Mambo yaligeuka chini ya serikali ya Ronald Reagan. Mwenyekiti wa tume hiyo, Mark Fowler, aliiona televisheni kuwa chombo cha nyumbani kama kingine chochote, na mwaka 1984 tume iliondoa mipaka ya muda wa matangazo katika vipindi vya watoto. He-Man, iliyoanza kurushwa mwaka 1983, na Transformers ya mwaka 1984 ni katuni zilizotengenezwa kwa ajili ya vichezeo vilivyokwisha kuwepo au vilivyokuwa vinaingia sokoni pamoja nazo. Hadithi ilifuata bidhaa.

Uelewa wa mtoto

Hoja kuu ya wanaopinga matangazo haya ni kwamba mtoto mdogo hajui kuwa anauziwa kitu. Watoto wa chini ya miaka minne au mitano mara nyingi hawatofautishi tangazo na kipindi. Wanapoweza kutofautisha, bado hadi karibu miaka minane wengi hawatambui kwamba anayezungumza ana nia ya kushawishi, na kwa hiyo huchukua maneno yake kama taarifa ya kweli. Kikosi kazi cha Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilifikia hitimisho hilo mwaka 2004 na kupendekeza matangazo yanayolenga watoto wa umri huo yawekewe mipaka.

Jinsia

Kugawa vichezeo kuwa vya wasichana na vya wavulana kumepanda na kushuka mara kadhaa, jambo ambalo ni hoja nzito dhidi ya wanaosema mgawanyo huo ni wa maumbile tu. Mtafiti Elizabeth Sweet alipitia katalogi za Sears za karne ya 20. Za miaka ya 1920 hadi 1950 ziliwapa wasichana mifagio na vyombo vya jikoni, na wavulana vifaa vya ujenzi, yaani kazi ambazo wakubwa walitarajia kila mmoja afanye baadaye. Lakini katika katalogi ya mwaka 1975, wakati harakati za wanawake zilipokuwa na nguvu, vichezeo vilivyoandikwa waziwazi kuwa vya jinsia moja havikufika asilimia 2. Mgawanyo ulirudi kwa nguvu katika miaka ya 1980 na 1990, safari hii kwa rangi na njozi: binti mfalme wa waridi upande mmoja, shujaa wa vita upande mwingine. Hata rangi zenyewe si za kale. Mwanahistoria Jo Paoletti ameonyesha kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani hawakukubaliana kama waridi ni ya wasichana au ya wavulana.

Faida ya kibiashara iko wazi. Familia yenye binti na mwana ikiamini kwamba baiskeli ya dada haimfai kaka, itanunua mbili.

Mwanasesere Barbie, aliyezinduliwa na Ruth Handler wa Mattel tarehe 9 Machi 1959, alitokana na mwanasesere wa Kijerumani aliyeitwa Bild Lilli, ambaye hakuwa wa watoto bali wa kuwachekesha wanaume. Akina mama wengi walioulizwa hawakumpenda kwa sababu ya umbo lake la mwanamke mzima. Mattel ilimwajiri mwanasaikolojia wa masoko Ernest Dichter atafute njia ya kuwatuliza. Barbie wa kwanza mweusi aliyebeba jina hilo alitoka mwaka 1980. Kabla yake kulikuwa na Christie, rafiki yake, tangu mwaka 1968. Kwa miaka zaidi ya ishirini, basi, msichana mweusi aliyetaka kucheza na mhusika mkuu alilazimika kumchukua mzungu.

Kwa wavulana tatizo la Hasbro lilikuwa la jina. G.I. Joe wa mwaka 1964 alikuwa na nguo za kubadilisha na viungo vinavyokunjika, kama mwanasesere yeyote. Kampuni ilijua kwamba baba wengi hawangemnunulia mwana mwanasesere, ikapiga marufuku neno hilo na kubuni jina jingine lenye maana ya sanamu ya matendo, ambalo bado linatumika madukani.

Tofauti huonekana pia katika namna tangazo linavyopigwa picha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulionyesha kwamba matangazo ya vichezeo vya wavulana yalikuwa na mwendo wa kasi, picha zinazokatwa mara kwa mara na kelele, ilhali ya wasichana yalikuwa na muziki laini na picha zinazofifia polepole. Mtoto angeweza kujua tangazo ni la nani hata kabla ya kuona kinachouzwa.

Mfano wa karibuni ni jina la biashara la Disney Princess. Kabla ya mwaka 2000 mabinti wa kifalme wa filamu za Disney waliuzwa kila mmoja na filamu yake. Andy Mooney, aliyetoka kampuni ya Nike, aliona wasichana wakihudhuria onyesho la Disney wakiwa wamevaa magauni yaliyoshonwa nyumbani, akaamua kuwakusanya mabinti wote chini ya jina moja. Biashara hiyo ikawa ya mabilioni ya dola kwa mwaka. Lego, ambayo mwaka 1981 ilitumia tangazo la msichana mwenye suruali ya jinzi akishika alichojijengea mwenyewe, ilileta mwaka 2012 mfululizo wa Lego Friends wenye rangi za waridi na zambarau, saluni na mkahawa. Ulilaumiwa sana na uliuzwa sana.

Tabaka

Athari kwa tabaka imechunguzwa kidogo kuliko ile ya jinsia, ingawa ni ya kila siku. Nyumba inayoonyeshwa katika matangazo ya vichezeo kwa kawaida ina chumba cha mtoto peke yake, zulia, bustani na wazazi wenye nafasi, na inaonyeshwa kama nyumba ya kila mtu.

Mwanasosiolojia Allison Pugh aliishi karibu na familia za eneo la Oakland, California, kwa miaka mitatu na kuandika kitabu Longing and Belonging mwaka 2009. Aligundua kwamba watoto hawatamani vitu kwa uroho. Kitu kinachozungumzwa shuleni ni tiketi ya kuingia katika mazungumzo, na asiyekuwa nacho hukaa kimya au hudanganya. Wazazi maskini walijinyima, hata kuchelewesha kulipa bili, ili mtoto apate angalau kitu kimoja chenye uzito machoni pa wenzake, kama mashine ya michezo ya video. Wazazi matajiri walifanya kinyume: walinunua karibu kila kitu lakini wakasimulia kwa fahari kile kimoja walichomkatalia mtoto. Mzazi maskini huitwa mbadhirifu na tajiri huitwa mlezi mwenye msimamo, wakati wote wawili wanajibu shinikizo lile lile.

Mwanauchumi Juliet Schor, katika Born to Buy ya mwaka 2004, aliwachunguza watoto wa eneo la Boston, wa mjini na wa kitongoji chenye uwezo. Kadiri mtoto alivyojihusisha zaidi na utamaduni wa kununua, ndivyo alivyoelekea kuwa na huzuni, wasiwasi na magomvi na wazazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Channel One. Kuanzia mwaka 1990 kampuni hiyo ilizipa shule za Marekani televisheni na antena za satelaiti bila malipo. Nazo shule ziliahidi kuwaonyesha wanafunzi taarifa ya habari ya dakika 12 kila siku, mbili kati yake zikiwa matangazo. Shule zilizopokea mkataba huo zilikuwa zaidi zile zenye wanafunzi maskini, ambazo hazikuwa na fedha za kununua vifaa. Kwa maneno mengine, mtoto wa shule tajiri aliweza kusoma bila kuuziwa peremende darasani.

Udhibiti

Chama cha wazazi kilichoanzishwa Massachusetts mwaka 1968 na Peggy Charren ndicho kilichofungua mapambano nchini Marekani. Mwaka 1978 wafanyakazi wa Tume ya Shirikisho ya Biashara walipendekeza kupiga marufuku matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wadogo mno kuelewa. Kampuni za vyakula, vichezeo na utangazaji zilipinga kwa nguvu, gazeti la The Washington Post likaidhihaki tume kuwa yaya wa taifa, na mwaka 1980 Bunge likaipunguzia tume mamlaka. Kilichopatikana ni sheria ya mwaka 1990, inayoweka kikomo cha dakika 10 na nusu za matangazo kwa saa katika vipindi vya watoto mwishoni mwa wiki, na dakika 12 siku nyingine.

Quebec, Kanada, ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1980 ni marufuku kuwatangazia biashara watoto wa chini ya miaka 13, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliithibitisha sheria hiyo mwaka 1989 katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya vichezeo ya Irwin Toy. Uswidi ilizuia matangazo ya televisheni kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1991, lakini mwaka 1997 mahakama ya Ulaya iliamua kwamba haiwezi kutumia katazo hilo dhidi ya vituo vinavyorusha kutoka nchi nyingine mwanachama. Uingereza ilianza mwaka 2007 kuondoa matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi katika vipindi vya watoto, na tangu Juni 2019 kanuni zake zinakataza matangazo yenye dhana potofu za kijinsia zinazoweza kudhuru. Miongoni mwa matangazo ya kwanza kuzuiwa lilikuwa la jibini, lililowaonyesha akina baba wawili wakisahau watoto wao wachanga kwenye mkanda wa kubebea chakula mgahawani.

Kwenye intaneti mipaka hii hupenya kwa urahisi, kwa sababu video ya mtoto anayefungua kisanduku cha kichezeo haifanani na tangazo. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi.

Afrika ya Mashariki

Watoto wa Tanzania Bara hawakuwa na vituo vya televisheni vya nchini hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha Bara kilichokua na matangazo ya televisheni kimeingia utu uzima si zamani, na katuni nyingi kilizotazama zilitoka nje, zikiwa zimetungwa kuuza vichezeo ambavyo mara nyingi havikupatikana madukani. Tangu mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kimewapa watoto katuni za kufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2012 inakataza kutangaza maziwa ya kopo kwa ajili ya watoto wachanga.