Ukolezi: istilahi iliyoanzia jikoni

Magadi hayakosekani katika jiko la mpika mlenda. Kama uko Mandewa, pale Singida mjini, chukua vibonge viwili vinavyolingana, na glasi mbili. Ya kwanza tia vijiko vinne vya maji ya limau. Ya pili tia kijiko kimoja cha limau na vitatu vya maji. Dondosha magadi. Ya kwanza inachachamaa papo hapo na povu linapanda. Ya pili inatoa viputo kwa uvivu. Limau ni lile lile, magadi ni yale yale. Kilichotofautiana ni ukolezi.

Neno hili limetokana na kukolea. Chumvi hukolea, chai hukolea majani. Katika kemia, ukolezi ni kiasi cha kitu kilichomo katika ujazo fulani wa mchanganyiko, na aghalabu hupimwa kwa moli kwa lita. Usiuchanganye na wingi: ndoo nzima ya chai nyepesi ina majani mengi kuliko kikombe cha chai nzito, lakini kilichokolea ni kikombe.

Kwa nini povu liliwahi? Ili mmenyuko utokee, chembe za asidi ya limau sharti zigongane na za magadi. Zikiwa zimesongamana, hugongana mara nyingi zaidi kila sekunde, na kasi ya mmenyuko hupanda. Asidi ikiendelea kutumika, ukolezi hushuka, nayo kasi hufifia. Mwaka 1850 Mjerumani Ludwig Wilhelmy alilipima jambo hili kwa sukari inayovunjika ndani ya asidi: kila wakati, kasi ililingana na sukari iliyobaki.

Lakini si kila mmenyuko hutii hivyo. Pombe ikishazidi kidogo tu mwilini, vimeng'enya vya ini huwa vimeshikwa vyote. Hata ukolezi wake katika damu ukiongezeka, ini huivunja kwa kasi karibu ile ile. Ndiyo maana mlevi hana njia ya mkato ya kulevuka.

Hata hivyo, istilahi imechaguliwa vizuri. Mswahili husema chumvi imekolea, na pia husema moto umekolea. Kitenzi kimoja kimebeba msongamano wa kitu na ukali wa kazi yake. Kemia imekuja kupima ni kwa kiasi gani mmoja unauvuta mwingine.