Kusoma kamba iliyooza

Wasomaji, leo tuweke kando programu kidogo, tuzungumze vyungu. Msinikimbie, tarakilishi itaingia tu.

Mwaka 1877 Mmarekani Edward Morse alichimba lundo la maganda ya kombe huko Omori, Tokyo, akakuta vigae vyenye alama za kamba. Maana ya jina Jomon ndiyo hiyo: alama za kamba. Wafinyanzi wa kwanza wa Japani, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, walikuwa wawindaji na wavuvi, si wakulima.

Je, huku kwetu? Mimi ni wa Nyansiongo. Mto Gucha unatoka kwenye vilima vyetu vya Nyamira, unateremka hadi maporomoko ya Gogo, Migori, ndipo uingie Ziwa Viktoria. Mwaka 1983 Peter Robertshaw alichimba pale Gogo. Kulipatikana vigae vya aina ya Kansyore, navyo ni kazi ya wavuvi na wawindaji. Walikandamiza kifaa chenye meno kwenye udongo mbichi, wakikiyumbisha huku na huku.

Baadaye vikaja vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Siaya: mistari ya kuchora, na kitako chenye kibonyeo kama cha kidole. Halafu, karibu miaka 1,000 iliyopita, kamba ikaenea. Kipande kifupi kilichosokotwa kiliviringishwa kwa kiganja juu ya chungu kibichi. Kwa mtu wa kodi hii ni programu ya mstari mmoja: viringisha, sogea, rudia.

Sasa utamu wenyewe. Kamba ilioza zamani, lakini mtafiti akibonyeza plastisini kwenye kigae, kamba inarudi! Anahesabu nyuzi, anaona zilisokotwa kulia au kushoto. Ukitazama kigae chenyewe utadanganyika, kwa kuwa alama imegeuka kama ya muhuri. Ni sawa na kupewa majibu ya programu ambayo kodi yake imepotea, nawe ukairudisha kutokana na majibu hayo.

Ila kuna sharti. Kigae kikihamishwa kiholela ni kama faili iliyofutwa tarehe: alama unaziona, wakati wake umepotea. Kwa hiyo ukikutana nacho ukilima au ukichimba msingi, usikibebe nyumbani. Piga picha, kumbuka mahali, pasha habari Makumbusho ya Taifa. Sheria ya urithi ya 2006 inataka utoe taarifa.