Biti za chumbani na mpiga ngoma asiyelipwa

Agosti 11 ya kila mwaka mashabiki wa hip hop husherehekea siku ya kuzaliwa kwa muziki wao. Usiku wa tarehe hiyo mwaka 1973, kwenye ukumbi wa jengo la ghorofa namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, jijini New York, msichana Cindy Campbell aliandaa disko ili apate fedha za nguo za kurudia shule. Kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika aliyejiita DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Mwaka 2021 Seneti ya Marekani iliitambua rasmi tarehe hiyo kuwa siku ya kuadhimisha hip hop.

Herc aligundua kitu ambacho ma-DJ wengine walikipita. Wachezaji walikuwa wakisubiri kile kipande kifupi katikati ya wimbo ambapo mwimbaji ananyamaza, magitaa yananyamaza, na ngoma inabaki peke yake. Akatafuta nakala mbili za santuri moja. Kipande kikiisha upande huu, anakianzisha upande wa pili, na ngoma inaendelea kadiri anavyotaka. Biti zote za hip hop zimetoka hapo.

Katika sherehe za kila Agosti hutajwa ma-DJ, marapa, na siku hizi hata mashine. Asiyetajwa ni yule aliyekaa nyuma ya ngoma siku wimbo uliporekodiwa. Jambo hilo linatuhusu sisi pia, kwa sababu kijana wa Mbagala au Kayole mwenye kompyuta ya mtumba na hedifoni anatengeneza biti chumbani kwake kati ya magharibi na isha, na sauti za ngoma anazotumia amepewa na rafiki kwenye flashi. Faili zina namba tu, hazina majina ya watu. Mara nyingi ndani yake yumo Clyde Stubblefield.

Habari za Stubblefield zimeelezwa vizuri kuliko kwingine kote katika filamu ya Copyright Criminals ya mwaka 2009, iliyotengenezwa na Benjamin Franzen na Kembrew McLeod, na katika kitabu ambacho McLeod alikiandika na Peter DiCola miaka miwili baadaye, Creative License. Yeyote anayeanza kutengeneza biti angepaswa kuitazama filamu hiyo kabla hajagusa programu yoyote.

Stubblefield alizaliwa Chattanooga, Tennessee, mwaka 1943. Hakusomea ngoma. Alieleza kwamba mdundo aliuokota mitaani, kwenye milio ya viwanda na treni zilizopita karibu na kwao, akawa anatembea akiifuata. Katikati ya miaka ya 1960 aliingia kwenye bendi ya James Brown, bosi mkali aliyewatoza faini wanamuziki waliokosea jukwaani. Novemba 1969, mjini Cincinnati, bendi hiyo ilirekodi wimbo ulioitwa "Funky Drummer". Wimbo wenyewe ni mrefu na hauna maneno mengi. Ukikaribia mwisho, Brown anaiamuru bendi inyamaze, na Stubblefield anabaki peke yake kwa sekunde kama 20.

Sikiliza sekunde hizo kwa hedifoni. Sinea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inapiga kwa nguvu pale unapoitegemea, lakini katikati ya mapigo hayo makubwa mkono wa kushoto unaendelea kugusagusa ngozi kwa mapigo madogo sana, karibu hayasikiki, na ndiyo yanayofanya mwili utake kusogea. Ukitaka kujua thamani yake, fungua FL Studio, programu inayotumiwa na wengi wanaoanza. Utakuta mistari ya visanduku 16 vilivyogawanywa kwa mafungu manne. Weka spidi ya mapigo 90 kwa dakika. Ngoma ya mguu iwe kwenye kisanduku cha 1 na cha 11, sinea kwenye cha 5 na cha 13, matoazi ya haihati kila baada ya kisanduku kimoja. Tayari una mdundo wa hip hop, ila ni mkavu. Sasa ongeza sinea mbili tatu kwenye visanduku vya katikati, uzishushe sauti mpaka ziwe mnong'ono. Mdundo unaanza kupumua. Hicho ndicho Stubblefield alichokifanya kwa mkono, bila kisanduku, kwa mpigo mmoja wa kurekodi.

Mwaka 1986 wimbo huo uliingizwa kwenye albamu ya mkusanyiko, In the Jungle Groove, na hapo mafuriko yakaanza. Public Enemy walitumia ngoma yake kwenye "Fight the Power". LL Cool J aliitumia. Waliofuata baada yao ni wengi mno. Mtunzi aliyeandikwa kwenye "Funky Drummer" ni James Brown peke yake. Stubblefield alilipwa ujira wa mwanamuziki wa bendi, basi. Kisheria hakuwa na dai. Alisema mara nyingi kwamba kilichomuuma zaidi si fedha, ni kutotajwa jina. Aliishi Madison, Wisconsin, akipiga kwenye kumbi za mjini, akaugua saratani na figo. Baada ya Prince kufariki mwaka 2016 ndipo ilipojulikana kwamba mwanamuziki huyo alikuwa amemlipia bili za hospitali, takriban dola 80,000, kimyakimya. Mzee Stubblefield alifariki Februari 2017.

Mwenzake katika mkosi huo ni Gregory Coleman wa kundi la The Winstons. Mwaka 1969 walitoa "Color Him Father", wimbo uliopata tuzo ya Grammy, na upande wa pili wa santuri wakaweka "Amen, Brother". Humo Coleman anapiga peke yake kwa sekunde zisizozidi saba. Sekunde hizo zimekatwa na kurudiwa katika maelfu ya nyimbo za hip hop na muziki wa disko wa Uingereza. Coleman alifariki mwaka 2006 Atlanta, akiwa hana makazi.

Mashine zina historia yao, na imeandikwa sana. Roland ya Japani, kampuni ya Ikutaro Kakehashi, ilitoa TR-808 mwaka 1980 na kuacha kuiunda mwaka 1983 baada ya kuuza takriban 12,000. Wanamuziki waliikataa kwa sababu ngoma zake hazikufanana na ngoma halisi, ikashuka bei madukani, na ndipo vijana wa Bronx walipoipata. Vitufe vyake 16 ndivyo vilivyogeuka kuwa vile visanduku 16 vya kwenye kompyuta. Mwaka 1987 ikaja E-mu SP-1200, iliyoweza kuhifadhi sekunde 10 tu za sauti. Mwaka uliofuata ikaja Akai MPC60 ya Roger Linn, yenye pedi 16 za kugonga kwa vidole.

Aliyeileta kazi hii nyumbani ni Marley Marl, kijana wa nyumba za serikali za Queensbridge. Hakuwa na fedha za kukodi studio, akarekodi kwenye fleti. Mwaka 1984 Roxanne Shanté, msichana wa miaka 14, alirap humo "Roxanne's Revenge", ikavuma nchi nzima. Inasimuliwa pia kwamba Marley Marl, akihangaika na kifaa cha kunasa sauti, alinasa bila kukusudia pigo moja la sinea kutoka kwenye santuri ya zamani, akagundua kwamba akiligonga anaweza kulipanga upya apendavyo. Kuanzia siku hiyo hakuhitaji tena kukopa mdundo mzima. Alihitaji pigo moja tu la mtu fulani.

Ugomvi mkubwa ukaja mwaka 1991, na McLeod na DiCola wanaupa uzito unaoustahili. Rapa Biz Markie, mtu wa utani na moyo mweupe, alitoa albamu iliyoitwa I Need a Haircut. Ndani yake alitumia kipande cha piano kutoka "Alone Again (Naturally)", wimbo wa mwaka 1972 wa Gilbert O'Sullivan, mwimbaji wa Ireland. Watu wake walikuwa wameandika barua kuomba ruhusa na kutuma kanda. Ruhusa haikupatikana, albamu ikatoka hivyo hivyo. Kesi ikafika mbele ya Jaji Kevin Thomas Duffy mjini New York. Upande wa utetezi ulijaribu kusema kwamba kila mtu kwenye muziki huo anafanya hivyo. Desemba 17, 1991, jaji alianza hukumu yake kwa amri ya Musa inayokataza wizi, akaieleza hoja kwamba wengi wanaiba kuwa si utetezi, akapiga marufuku wimbo huo kuuzwa, na akapeleka suala kwa mwendesha mashtaka wa serikali aangalie kama kuna jinai. Biz hakushtakiwa. Mwaka 1993 alijibu kwa albamu yenye jina linalotangaza kwamba safari hii vipande vyote vimelipiwa: All Samples Cleared!

Wengi huisimulia hukumu hiyo kama siku haki ilipotendeka, wengine kama siku sanaa ilipofungwa pingu. Mimi naiona kwa jicho la tatu. Kuanzia hapo kampuni za muziki ziliajiri mawakili, kila kipande kikawa na bei, na mtengeneza biti wa chumbani asiye na fedha akaachwa nje ya mlango. Waliolipwa ni wenye nyimbo na wenye kanda. Stubblefield hakuongezewa hata senti. Sheria ilimlinda aliyeandikwa kwenye karatasi, ikampita aliyetoa jasho.

Kwetu hip hop ilianza kwa kuazima biti, na hilo si siri. Mwaka 1991 Saleh Jabri, maarufu kama Saleh J, alirap kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Mmarekani Vanilla Ice, na Dar es Salaam ikachangamka. Vanilla Ice naye alikuwa ameichukua besi hiyo kwa Waingereza, Queen na David Bowie, kwenye "Under Pressure" ya mwaka 1981. Baadaye tukapata maprodyuza wetu. P Funk Majani wa Bongo Records alitengeneza albamu ya Profesa Jay, Machozi, Jasho na Damu, mwaka 2001. Jijini Nairobi, Clemo na Jua Cali walianzisha Calif Records katika mtaa wa California, mtindo wa genge ukazaliwa hapo.

Mbelgiji Didier Dambrin alikuwa ameshatoa FruityLoops mwaka 1997, programu iliyobadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Ikaenea duniani kote, na tangu hapo mwenye kompyuta ana studio.

Lakini urithi wa ngoma zetu wenyewe tunauacha ulale. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi kwa miaka mingi bendi za dansi na vikundi vya utamaduni, na kanda hizo zimo mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, TBC. Humo mna tumba, dramu na manyanga ya kutosha kuwapa vijana wa chumbani mdundo usiofanana na wa Mmarekani yeyote. Anayeanza leo hawezi kuzifikia kwa utaratibu unaoeleweka, kwa hiyo anapakua ngoma za Cincinnati. Na tusijidanganye kwamba sisi tumewaheshimu wapigaji wetu zaidi ya walivyoheshimiwa Marekani. Waulize mashabiki kumi wa Mbaraka Mwinshehe jina la aliyempigia tumba Morogoro Jazz, uone wangapi watajibu. Hili ni jambo la aibu, na linarekebishika.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Neno la pili katika jina la sheria hiyo linawahusu hasa watu kama Stubblefield, kwa sababu linamtambua mtumbuizaji na si mtunzi peke yake. Tatizo ni kwamba haki haidaiwi kwa jina lisilojulikana.

Stubblefield mwenyewe aliacha mfano wa kuigwa. Toleo maalumu la Copyright Criminals lilitoka pamoja na santuri ya ngoma alizozirekodi upya, ambazo mtengeneza biti aliweza kuzitumia kwa leseni nyepesi na malipo ya haki. Mzee mmoja na ngoma zake, bila kampuni kubwa katikati.

TBC na COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, wanaweza kufanya hivyo kwa kanda za Radio Tanzania: wachague mapigo 100 tu ya kuanzia, watafute majina ya waliopiga au warithi wao, waweke bei ambayo kijana wa Mbagala ataimudu, na fedha zigawanywe. Wapigaji wengine wa enzi hizo wangali hai na wanajua nani alikaa wapi siku ya kurekodi, waulizwe sasa. Nawe unayeanza leo, nenda na simu yako kwa mpiga tumba au mpiga dramu wa mtaani kwenu, mrekodi kwa makubaliano, mlipe, na uandike jina lake kwenye faili kabla hujaliingiza kwenye biti.