Nani Aliiua Flash? Nyayo Kutoka Tukuyu

Kando ya barabara ya Mbeya–Kyela, hapa Tukuyu, ipo stesheneri iliyowahi kuwa intaneti kafe. Kwenye kompyuta yake kuukuu, ndani ya System32, nakuta folda iitwayo Macromed. Ndiyo maskani ya Flash, programu-jalizi iliyochezesha katuni kwenye vivinjari tangu 1996, na baadaye michezo na video. Umiliki ulihama 2005. Jina la mmiliki wa zamani likabaki kwenye folda. Nafungua somo la zamani la sayansi: kisanduku cha kijivu, basi. Kilichokuwemo kimekwenda wapi?

Simulizi inayovuma hudai Flash iliuawa na barua ya wazi ya mkuu wa kampuni moja ya simu, Aprili 2010. Tarehe zinatia shaka. Flash ya simu ilisitishwa Novemba 2011, lakini ya kompyuta ilitangaziwa kifo Julai 2017, ikakoma 31 Desemba 2020. Ni barua gani hiyo inayochukua miaka 10 kuua?

Wengine hulaumu mianya ya usalama. Ilikuwepo, tena mingi. Ila ilivumiliwa miaka nenda rudi, kwani mbadala ulikuwa haujakomaa. HTML5, kiwango cha wavuti kinachochezesha video bila nyongeza yoyote, kilipitishwa rasmi Oktoba 2014. Je, kiwango huria kilishinda kwa ubora wake tu?

Wilaya yetu, Rungwe, inadokeza jambo jingine. Mkongo wa baharini ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla yake tulitegemea setilaiti, ghali na ya kobe. Wengi tuliingia mtandaoni kwa simu za vitufe zenye Opera Mini, iliyobana kurasa kwenye seva kabla hazijatufikia. Flash haikuwemo. Huku haikufa, wengi hawakuwahi kukutana nayo. Hasara, basi, ni ya nani?

Ni ya masomo na michezo iliyofungiwa ndani yake. Najaribu Ruffle, programu huria inayoiga Flash: faili moja lacheza, jingine laonyesha weupe mtupu. Hata hilo moja linalocheza lina sababu: masharti ya kutumia maelezo ya muundo wa mafaili hayo yalilegezwa 2008, Flash ikiwa bado hai. Bila maelezo hayo, nani angeweza kuiiga kwa urahisi?

Hapo ndipo nyayo zinaponifikisha: kinachookoa kazi ni maelezo yanayobaki mikononi mwa wengine. Lakini Septemba 2017 viwango vyenyewe vya wavuti viliruhusu rasmi vivinjari kuita programu fungifu za kufungua video zilizosimbwa. Mwenye programu hizo akifunga duka, maelezo yatabaki kwa nani?