Kutoka Kanisa Kuu la Se hadi Mangeshi

Mabasi ya matembezi yanayotoka Panaji asubuhi kuzungukia kusini mwa Goa huanzia kwenye makanisa ya Goa Mkongwe, yakaenda kwenye mahekalu ya Ponda, kisha yakamalizia ufukweni. Abiria wengi ni familia za Kihindu kutoka Maharashtra na Karnataka: babu, bibi, wana, wakwe na watoto wenye usingizi. Kati ya kituo cha kwanza na cha pili, basi huvuka daraja la Banastarim. Mkondo wa maji ulio chini yake uliwahi kuwa mpaka wa dola na wa imani kwa zaidi ya karne mbili, na wengi huupita wakiwa wanagawana chapati.

Kanisa Kuu la Se limewekwa chini ya Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, kwa kuwa Mreno Afonso de Albuquerque aliuteka mji siku ya sikukuu yake, tarehe 25 Novemba 1510. Jengo tunaloliona lilianza kujengwa mwaka 1562, na kazi ya ndani iliendelea hadi katikati ya karne ya 17. Urefu wake unapita mita 70, na ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Asia. Lilikuwa na minara miwili. Mmoja ulianguka mwaka 1776, na tangu hapo uso wa kanisa umebaki kama ulioegemea upande. Binafsi naona kasoro hiyo imelipa jengo utu ambao mafundi wake hawakuukusudia.

Ndani, macho huvutwa moja kwa moja na altare kuu: ukuta mzima wa mbao uliochongwa na kupakwa dhahabu, na maisha ya Katarina yakisimuliwa jopo kwa jopo. Mama wa Kihindu hahitaji kuelezwa mbele ya kitu kama hicho afanye nini. Huvuta ncha ya sari kichwani, hukutanisha viganja, kisha humsukuma mtoto mbele naye afanye vivyo hivyo. Wako wanaoacha viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewaambia. Komunyo hawapokei, maana hiyo ni ya Wakatoliki. Mshumaa na nadhiri havina mlinzi.

Lakini kengele iliyomo katika mnara uliobaki, ile iitwayo Kengele ya Dhahabu, ina historia nyingine. Hatua chache kutoka hapo lilisimama jumba la Mahakama ya Kuchunguza Imani, iliyofanya kazi Goa kuanzia 1560 hadi 1812, ikikatizwa kwa miaka michache tu. Tabibu Mfaransa Charles Dellon, aliyefungwa humo katika miaka ya 1670, aliandika kwamba siku wafungwa waliposomewa hukumu, kengele kubwa ya kanisa kuu ililia kuwaita watu kushuhudia. Jumba lenyewe limebomolewa, na watalii wengi hupita bila kujua lilikuwapo.

Wahindu nao walikuwa na msiba wao. Mahekalu ya kisiwa cha Tiswadi, kilipo Goa Mkongwe, yalianza kubomolewa karibu na mwaka 1540. Katika miaka ya 1560 zamu ikawa ya eneo la Salcete. Waumini wakaihamisha miungu yao. Mangesh alitolewa Kushasthali, Shantadurga akatolewa Keloshi, Mahalasa akatolewa Verna, wote wakavushwa hadi Ponda, nje ya mamlaka ya Wareno wakati huo. Ponda ilipokuja kuangukia mikononi mwa Wareno katika karne ya 18, makali ya kuvunja mahekalu yalikuwa yamepungua, na miungu ikabaki ilikokimbilia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wasimulizi wa aina mbili: wanaomchukulia Mhindu anayewasha mshumaa Goa Mkongwe kama mtu aliyesahau, na wanaomtumia kuthibitisha kwamba hapakuwa na jeraha. Familia za Ponda zinajua vizuri miungu yao ilitoka wapi. Jina la kijiji cha asili hutajwa hekaluni hadi leo. Wanajua, na bado wanakwenda.

Mawe yenyewe yameshuhudia kuchanganyika huko. Mwaka 1567 mtaguso wa Kanisa uliokutana Goa ulipiga marufuku kuwapa mafundi wasio Wakristo kazi ya sanamu na vyombo vya ibada. Marufuku ya namna hiyo haitungwi ila pale ambapo kazi tayari iko mikononi mwao. Nenda sasa Mangeshi, kwenye hekalu la Mangesh huko Ponda: mnara wa taa uliopakwa chokaa, ghorofa juu ya ghorofa, mfano wa mnara wa kengele, kuba lililokaa juu ya kuta za pembe nane, nguzo bapa na madirisha ya tao kama ya parokia yoyote ya Goa. Waliofukuzwa na wajenzi wa makanisa walijenga upya kwa kutumia lugha ya makanisa, na wakaipendezesha.

Msomaji wa Mombasa ana sababu ya pekee ya kupanda kilima kilicho karibu, kwenye magofu ya monasteri ya Waagustino. Mapadre wa shirika hilo ndio waliomlea Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyepelekwa Goa baada ya baba yake kuuawa mwaka 1614. Walimbatiza Jerónimo, wakamrudisha pwani kuwa mfalme. Agosti 1631 akamuua kapteni wa Ngome ya Yesu na kuurudia Uislamu. Goa iliwafinyanga watu wa kila namna.

Familia nyingi, hata hivyo, huvuka barabara kwenda basilika ya Bom Jesus, kwenye mwili wa Mtakatifu Fransisko Xavier, aliyefariki mwaka 1552 karibu na pwani ya China. Wagoa wa dini zote humwita Goencho Saib, bwana wa Goa. Karibu kila miaka kumi mwili wake huhamishiwa Se ili watu wauone. Mara ya karibuni ilikuwa kuanzia Novemba 2024 hadi Januari 2025. Nje, wachuuzi huuza nta iliyofinyangwa miguu, mikono, vichanga na nyumba, kila mtu kwa haja yake, na hawamuulizi mnunuzi dini.

Huko Mapusa, kaskazini, undugu huu wa dini mbili umepewa hata nasaba. Masimulizi ya wenyeji yanasema mungu wa kike Lairai wa Shirgaon alikuwa na dada, Mirabai, na kwamba dada huyo ndiye Mama wa Miujiza wa kanisa la Milagres. Sikukuu yake huja baada ya Pasaka, na Wahindu hufika kanisani na mafuta kumsalimu dada huyo wa Lairai.