Rashidi Mfaume Kawawa

Rashidi Mfaume Kawawa (1926–2009), kiongozi wa wafanyakazi na mwanasiasa wa Tanzania, alizaliwa Songea na kusoma Tabora. Kabla ya siasa aliigiza katika filamu ya *Muhogo Mchungu*. Akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, iliyowakataza watumishi wake kujiunga na chama cha siasa cha TANU, aliongoza chama cha watumishi Waafrika.

Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika (TFL) lilipoundwa mwaka 1955, Kawawa alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Nguvu ya shirikisho ilikuwa bandarini, kwenye reli na katika mashamba ya mkonge.

Januari 1962 Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika, na Kawawa, ambaye sasa alikuwa mwanasiasa wa TANU, akashika nafasi hiyo. Mwaka huohuo serikali yake ilipitisha sheria zilizofanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno. Hapa ndipo penye kitendawili cha maisha yake: mkono uliofunga milango ya mgomo ndio uliowahi kuwapanga wafanyakazi. Wenzake wa zamani, akiwemo Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli, walizipinga sheria hizo. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, TFL ikavunjwa na chama kipya cha wafanyakazi, NUTA, kikaundwa chini ya serikali.

Kawawa, aliyeitwa Simba wa Vita, alikuwa Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977.